Nilidhani Hak Milik Ni Hakimiliki

Mtu wa Tanga akishuka Java, kisiwa cha Indonesia, masikio yake yanamdanganya. Bendera kule ni bendera. Meza ni meja, wakati ni waktu, habari ni kabar, hakimu ni hakim. Mlima unaoonekana kutoka uani kwa mama mkwe wangu, mita 3,428 kwenda juu, unaitwa Slamet, na ukiuliza maana yake utajibiwa neno ambalo wewe unalijua kama salama. Basi niliposikia wazee barazani wanazungumza hak milik, waris, hibah na wakaf, nikajiona nipo kwetu Pangani nimekaa na masheikh. Sikuuliza kitu. Ningeuliza, leo ningekuwa na shilingi milioni kadhaa zaidi.

Naandika haya kwa sababu vijana wanne wa kwetu, wote wenye wachumba wa Kiindonesia waliokutana nao Doha au Dubai, wamenipigia simu kwa nyakati tofauti na swali moja: kaka, ardhi ya kijijini kule ni rahisi? Ni rahisi, ndiyo. Lakini sikilizeni kwanza ilivyonikuta.

Mimi na Mama Salma tulikutana Doha mwaka 2013. Mimi nilikuwa dereva wa hoteli, yeye yuko jikoni. Mwaka uliofuata tulifunga ndoa kwao, wilaya ya Banyumas, Java ya Kati, kwenye ofisi ya dini inayoandikisha ndoa za Waislamu, wao huiita KUA. Mahari aliyotaja ilikuwa vifaa vya kusalia na gramu tano za dhahabu. Baba yangu kwenye simu aliuliza mara mbili kama nimesikia vizuri. Tulisaini, tukapiga picha, tukala, tukarudi Doha. Siku ile hakuna aliyetuambia kuhusu mkataba wa mali kabla ya ndoa, na mimi hata ningeambiwa ningeona ni dalili ya kutoaminiana. Wekeni jambo hili kiporo, nitalirudia.

Tulihamia kijijini mwaka 2018 tukiwa na akiba ya rupia milioni 310 hivi, kama shilingi milioni 47 kwa wakati ule. Kutoka Jakarta hadi Purwokerto, mji wa wilaya yetu, ni treni ya saa tano hivi, halafu gari dogo la kupanda mlima. Miezi ya kwanza nilikuwa kama mgeni wa harusi isiyoisha. Kila kitu kilinikumbusha kwetu kisha kikageuka. Umeme unanunuliwa kwa namba unazobonyeza kwenye mita, Luku mtupu. Muhogo upo, nazi zipo. Jirani yetu ni mgema: anapanda mnazi alfajiri na jioni, anakata karara, anafunga chombo cha mwanzi. Nikamwambia Mama Salma kwetu huyu angekuwa na wateja wa tembo mlango mzima. Akacheka, akanipeleka nikaone. Ndani ya chombo huwa wametia chokaa kidogo ili maji ya mnazi yasichachuke, na kufikia saa nne asubuhi mke wa mgema anayakoroga kwenye karai juu ya kuni mpaka yawe sukari guru, anaimwaga kwenye vifuu. Ule moshi mtamu ndio uliofanya niamue kuwa nitajenga pale. Nasema ukweli: uamuzi wa milioni mia na kitu niliufanya kwa pua.

Kiwanja cha kwanza alinionyesha Pak Lik, binamu mdogo wa mama mkwe. Kipo kando ya njia ya gari, kina minazi sita. Kule kwetu Banyumas ardhi haihesabiwi kwa mita wala hatua, inahesabiwa kwa ubin, na ubin moja ni kama mita 14 za mraba. Kiwanja kilikuwa ubin 40 na bei yake ilikuwa chini ya majirani wote. Nikaomba hati. Pak Lik akanipeleka ofisi ya kijiji, akafunguliwa daftari kubwa lenye jalada lililochanika, wanaliita Letter C, na mle ndani pana jina la marehemu baba yake, namba ya kipande na kodi. Akaleta na stakabadhi za kodi ya ardhi za miaka kadhaa. Mihuri, saini, kila kitu. Mimi nikaona hati.

Haikuwa hati. Letter C ni daftari la kodi la zamani linalokaa kijijini; linaonyesha nani alikuwa akilipa, si nani anamiliki. Stakabadhi ya kodi nayo vilevile. Hati ya kweli ni cheti kinachotolewa na ofisi ya taifa ya ardhi, BPN, na kisipokuwepo unachonunua ni maneno ya muuzaji pamoja na ugomvi wa ndugu zake kama upo. Siku hizi mambo yamebana zaidi, maana kanuni ya serikali namba 18 ya 2021 ilitoa miaka mitano tu ya kusajili ardhi za karatasi za aina hiyo.

Sasa neno waris. Mimi nilijua warithi na mafungu yao, kaka mawili, dada moja, nikapiga hesabu kichwani nikaona Pak Lik kama mtoto wa kiume mkubwa ana sauti. Kumbe mirathi ya mzee haijagawanywa kabisa tangu afariki. Warithi ni wanne, na kule familia nyingi hukaa wakagawana kwa maafikiano, wengine sawa kwa sawa, wengine kwa mafungu ya Kiislamu. Hakuna fomula uliyotoka nayo madrasa ya Tanga itakayokusaidia bila kuwauliza wenyewe. Watatu walisaini. Wa nne, dada mdogo, alikuwa Hong Kong akifanya kazi za ndani.

“Aman,” Pak Lik akaniambia. Nikasikia amani. Kule aman ni kama sisi tunavyosema “usijali bwana”, na mtu anaweza kukuambia hivyo huku yeye mwenyewe anajali sana.

Nilitoa arubuni rupia milioni 40, Oktoba 2018, kwa risiti iliyobandikwa stempu ya rupia 6,000. Stempu ile niliithamini kupita kiasi. Ni kodi ya karatasi tu. Mwenye haki asiyesaini haimfungi.

Dada mtu alirudi likizo Idi ya mwaka 2019, mwezi Juni. Tulimwandalia chakula. Nikamweleza kwa Kiindonesia changu kibovu, naye kila sentensi anaitikia “nggih”. Nikamwambia mke wangu usiku, mambo yameiva. Mama Salma akaniangalia kwa huruma. Watu wa Banyumas wanasifika kwa kusema wazi, lahaja yao ya ngapak inachekwa Java nzima kwa sababu haina mapambo. Lakini kwa mgeni hutumia Kijava cha heshima, na nggih ya Kijava cha heshima maana yake ni “nimekusikia”. Dada alikuwa amenisikia tu. Asubuhi alikwenda kwa balozi wetu wa mtaa, yaani Pak RT, akasema hauzi fungu lake, minazi ile alipanda na baba yake.

Alikuwa na haki, na sikumkasirikia. Niliyemkasirikia ni mimi. Tuliitwa kikao kwa Pak RT, musyawarah, chai na tempe mendoan, soya iliyochachushwa, ile ya unga mbichi mbichi iliyokaangwa nusu, pilipili pembeni. Saa tatu nzima tulizungumzia mvua. Mwisho, kama kwa bahati mbaya, mzee mmoja akasema Pak Lik atarudisha milioni 25 kwanza, na 15 zilizobaki “polepole”. Alikuwa keshazitumia kwenye ada za mwanawe. Wote wakaitikia. Nikaitikia na mimi, nggih.

Baada ya hapo akaja dalali na majaruba ya mpunga. Bei nusu, mandhari ya mlima, maji yanacheka kwenye mifereji. Mkwe wangu ndiye aliyeniokoa kwa sentensi moja: “Hapo utalala na vyura.” Majaruba mengi yamo kwenye ramani ya ardhi ya kilimo inayolindwa, na ukiyanunua huwezi kuyageuza kiwanja kwa kutaka tu. Tena shamba la kilimo kisheria linamtaka mwenye nalo awe mkazi wa tarafa ileile au inayopakana nayo. Anayekaa mbali hapaswi kulimiliki. Kabla ya kupenda mandhari nendeni mkaulize rangi ya eneo kwenye mpango wa ardhi wa wilaya. Dalali huyohuyo aliwahi kuniambia kuwa hata nisingekuwa na mke raia angeniandikia ardhi kwa jina la rafiki yake, tuwekeane mkataba wa pembeni. Sheria ya msingi ya ardhi ya Indonesia, namba 5 ya 1960, inasema uhamishaji wa namna hiyo kwenda kwa mgeni, wa wazi au wa kupitia mlango wa nyuma, ni batili. Rafiki akibadilika huna pa kushtaki.

Na hapa ndipo kwenye kichwa cha habari yangu. Kwetu hakimiliki unaitia kila mahali, hadi kijijini kuna hati ya hakimiliki ya kimila. Kule hak milik ni daraja la juu kabisa la umiliki wa ardhi, halina kikomo cha miaka, linarithishwa, na ni la raia wa Indonesia peke yake. Mgeni akiwa na sifa za ukaazi hupata hak pakai, haki ya kutumia kwa muda. Usiwalaumu, Tanzania nako mgeni hapewi ardhi ila kwa njia ya uwekezaji, na Sheria yetu ya Ardhi ya Vijiji, kwa sadfa, nayo ni namba 5, ya 1999. Mimi nilijua kuwa siwezi kumiliki. Nilichokuwa sijui ni kwamba ndoa yangu ilikuwa imemfunga na mke wangu.

Tulipata kiwanja cha pili Agosti 2019, ubin 28, chenye cheti safi cha hak milik. Safari hii tulikikagua cheti BPN kwanza, kwa rupia 50,000, fedha nzuri kuliko zote nilizowahi kutoa. Tukaenda kwa PPAT, ofisa anayeandika hati za mauziano ya ardhi. Akapokea vitambulisho, akaona pasipoti yangu, akaweka kalamu chini.

“Mna perjanjian kawin?”

Mkataba wa ndoa. Hatuna. Akatueleza taratibu kama daktari: sheria ya ndoa ya 1974 inafanya mali inayopatikana ndani ya ndoa iwe ya wote wawili. Ikiwa ya wote wawili, nusu ni ya mgeni. Ikiwa nusu ni ya mgeni, hak milik haiwezekani. Yaani Mama Salma, mzaliwa wa kijiji kile, kwa kuolewa nami bila ile karatasi, hakuweza kununua kiwanja kwa jina lake. Alinyamaza njia nzima kurudi nyumbani kwa pikipiki. Nilihisi mikono yake imelegea kiunoni mwangu.

Dawa ilikuwepo, na ilikuwa changa. Zamani mkataba huo ulifungwa kabla ya ndoa tu. Oktoba 2016 Mahakama ya Katiba ya Indonesia iliamua kuwa unaweza kufungwa hata mkiwa ndani ya ndoa. Tukaandikisha kwa notaris, ofisa anayethibitisha mikataba, tukaupeleka KUA ukagongwa kwenye kumbukumbu za ndoa yetu. Gharama milioni tatu na wiki tano za kusubiri, huku mwenye kiwanja ananung’unika. Kwa mnaochumbia sasa: fanyeni kabla ya akdi, ni nafuu na hamna anayewasubiri.

Mkataba wenyewe unasema mali ni mbalimbali. Fedha ya Doha, jasho la miaka mitano, ikiingia kwenye kiwanja imekuwa ya mke. Nilipompigia kaka yangu Tanga, alikaa kimya, kisha: “Kwa hiyo wewe ndiye umeolewa?” Nilicheka naye lakini usiku sikulala. Si kwa wivu wa mali. Notaris alikuwa ameuliza swali jingine kwa upole mno: je, Ibu (yaani mama, mke wangu) akitangulia? Mgeni akirithi hak milik anapewa mwaka mmoja aiachie, aiuze au aipeleke kwa mwenye sifa, la sivyo inarudi kwa serikali. Salma alikuwa na miaka miwili wakati ule. Ana uraia wa nchi mbili mpaka afikishe miaka 18, kisha atachagua, na mwisho wa kuchagua ni miaka 21. Kwa hiyo nyumba ninayolala inategemea uzima wa mtu mmoja na uamuzi wa mtoto wa baadaye. Ongeeni habari hii mapema, mkiwa na afya, wote wawili mezani. Sisi tuliiongea jikoni, akikatakata vitunguu, na tukakubaliana vitunguu ndivyo vilivyotutoa machozi.

Hesabu ya kiwanja: bei milioni 140. Muuzaji alisema “bersih”, nikadhani anasifia usafi wa cheti. Bersih kwenye biashara ya ardhi maana yake yeye anapokea 140 kamili na kodi zote ni zako. Kodi ya mnunuzi asilimia 5 baada ya kuondoa milioni 60 zisizotozwa, ikawa milioni 4. Kodi ya muuzaji asilimia 2.5, milioni 3.5, tukalipa sisi. PPAT asilimia 1. Karibu milioni 9 ambazo sikuwa nimezipanga. Mwulize muuzaji mapema: bersih au kila mtu na kodi yake?

Ujenzi tulianza 2020, mwaka wa ugonjwa, vifaa vikipanda. Fundi rupia 90,000 kwa siku, msaidizi chini ya hapo, pamoja na kahawa, vitafunio na sigara. Sigara zenyewe ni kretek, zina karafuu ndani, na saa za mapumziko kiwanja kizima kilinukia Wete wakati wa mavuno. Siku ya kupandisha paa walikuja wanaume ishirini na kitu bila kuitwa na bila malipo, ila chakula. Nyumba ya mita 70 ilimeza milioni 175, akiba ikaisha, bangili za Mama Salma zikaenda sokoni, vigae vya sakafu vikasubiri hadi 2023.

Lile la wanaume ishirini nusura nilikose. Kila nyumba huning’iniza kikopo ukutani karibu na mlango, na usiku walinzi wa zamu wakipita wanachota humo konzi ya mchele au sarafu ya rupia 500. Jimpitan. Nyumba tuliyopanga ilikuwa na kikopo cha plastiki cha bluu, nikadhani ni cha mswaki wa mpangaji aliyepita. Wiki saba kilikaa kitupu. Hakuna aliyesema neno. Siku Pak RT alipokuja kwa shughuli nyingine, akasimama mlangoni, akakigusa kwa kidole kikayumba kwenye msumari, akaniuliza habari za Afrika. Mama Salma alimwona kutoka dirishani. Jioni ile nilitia sarafu kumi, na mwezi uliofuata nikaomba zamu ya ulinzi, ya Jumatano, ninayo hadi leo.

Kitu kingine ambacho hakuna tovuti ya mali isiyohamishika itakuambia ni bahasha. Sisi Watanzania tunajidai tunajua michango ya harusi. Kule hakuna kamati wala kadi ya ahadi, kuna daftari. Unachotoa kinaandikwa na jina lako, na siku yako kitarudi. Mwezi mmoja wa msimu wa harusi tulipata mialiko 11. Kwa bahasha ya 50,000 kila mmoja, ni zaidi ya nusu milioni, mwezi ambao chapati zangu (naziuza sokoni, wao huziita roti maryam, na sheria ya uhamiaji ya 2011 inamruhusu mwenzi wa raia kufanya kazi ya kujikimu) hazikuingiza hata milioni mbili.

Kuhusu kupata faida, nitasema wazi. Kiwanja cha kando ya barabara ya gari kinapanda bei, na karibu na Purwokerto kinauzika. Ndani ya vichochoro vya pikipiki, nyumba nzuri inaweza kukaa na tangazo miaka. Vijana wako Jakarta, Taiwan, Hong Kong. Wanatuma fedha, zinajengwa nyumba zenye nguzo za marumaru, ndani anaishi bibi na kuku. Mteremko nao uangalieni wakati wa mvua, si kiangazi, kwa sababu maporomoko ya udongo si hadithi huku. Mimi nikiuza leo sidhani nitarudisha nilichotoa. Nilinunua mahali pa kuishi, na hapo sina malalamiko.

Mwaka 2021 mpango wa serikali wa kupima ardhi kwa wingi, PTSL, ulifika kijijini. Kwa Java ada rasmi ya maandalizi ilikuwa rupia 150,000. Mama mkwe, ambaye miaka yote alikuwa na Letter C tu, alitakiwa kuchimbia nguzo za mipaka, na majirani wote wasimame waone na wakubali. Upande wa magharibi palikuwa na kichaka cha mianzi ambacho jirani alidai ni chake. Ibu hakubishana. Aliingia ndani, akatoka na kitoweo cha nangka, yaani fenesi, na mchele, wakala wote wakiwa wamechuchumaa pale pale juu ya mpaka, kisha yule jirani mwenyewe akashika nguzo akaichimbia, mianzi ikabaki kwake na mita moja ikarudi kwa Ibu. Cheti kilipotoka alikivalisha mfuko wa plastiki, mitatu, mmoja juu ya mwingine.

Pak Lik hajawahi kukataa deni. Fedha hana. Tangu ile 2019, kila mwisho wa mwezi anakuja na vifuu vinne vya sukari guru vimefungwa kwenye jani la mgomba, anaviweka mezani, tunakunywa chai, hatutaji chochote. Akiondoka Mama Salma anafungua daftari. Kwa hesabu yake, bado milioni 12 na kitu.